Omo Huku, Mwendo Kule

Anayevuka kwa ngalawa kutoka Mtwara mjini kwenda Msangamkuu wakati maji yanatoka kwa nguvu huona jambo linalomshangaza mgeni. Nahodha haelekezi omo kwenye ufuko anaokwenda. Anaielekeza pembeni, upande wa ndani wa ghuba, mahali ambapo hakuna abiria anayeshuka. Chombo kinatazama huku kinakwenda kule, ubavu ubavu, na baada ya muda kinagusa mchanga pale pale palipokusudiwa. Mkondo ulikuwa unakisukuma kuelekea bahari kuu, naye aliudai mapema kile ulichokuwa unakwenda kukichukua. Hakupima kwa kifaa chochote. Alitazama mnazi mmoja wa pwani na mti mwingine nyuma yake, na maadamu viwili hivyo vilibaki vimepangana, alijua hajatoka kwenye mstari. Mnazi ukianza kuhama kushoto kwa mti, anagusa shikio kidogo. Ukirudi mahali pake, anaacha.

Wachezaji wa magemu ya anga hutumia majuma na miezi kujifunza jambo hilo hilo, ila wao hawana minazi ya kutazama. Wana kioo cha kompyuta, kibodi, pengine usukani wa mkono, na kitu wanachokiita modi, yaani namna chombo kinavyopokea amri ya rubani. Kwa modi moja kompyuta inamsaidia, kwa nyingine inamwachia mwenyewe. Wapo wanaodhani hilo ni suala la mipangilio, la kuchaguliwa mara moja na kusahauliwa pamoja na sauti na mwangaza. Sivyo. Kuijua modi ndiyo kiini cha urubani wenyewe, katika gemu na katika anga halisi, na watu walioponzwa na kuisahau wana majina na tarehe katika historia. Ustadi unaostahili sifa hapa ni wa kutambua kwamba kuelekea na kwenda ni mambo mawili, na kukumbuka kila dakika ni lipi umelishika kwa mkono wako na lipi umeiachia mashine.

Angani hakuna maji wala hewa ya kukishika chombo. Injini ikisukuma kwa sekunde 10 kisha ikazimwa, chombo hakipungui mwendo. Kitaendelea hivyo hivyo siku nzima, mwaka mzima, mpaka kitu kingine kikivute au kikisukume. Kusimama ni kazi, nako kunakula mafuta kama kulivyokula kuondoka. Na kugeuza omo hakubadili njia hata kidogo: rubani anaweza kukizungusha chombo kikatazama kilikotoka, nacho kikaendelea kwenda kinyumenyume kwa kasi ile ile ya mwanzo. Isaac Newton aliyaandika hayo mwaka 1687, lakini mwili uliokulia barabarani hauyaamini. Mtu wa baiskeli na bodaboda akikata kona hutegemea kwenda alikokatia.

Watengenezaji wa magemu wanalijua hilo, kwa hiyo wengi wao huweka kompyuta katikati ya mkono na injini. Katika Elite Dangerous, gemu la Kiingereza lililotoka Desemba 2014, chombo huanza kikiwa kimewashiwa msaada. Mchezaji akigeuka kulia, kompyuta inawasha jeti ndogo za ubavuni kufuta mwendo wa zamani, na chombo kinafuata omo yake. Akiachia usukani, mzunguko unakoma. Akipunguza mwendo, chombo kinasimama. Kila kitu kinatii kama alivyotarajia, na anaweza kucheza miezi kadhaa bila kujua kwamba kuna kazi kubwa inafanyika kwa niaba yake. Kisha siku moja anabonyeza herufi Z. Msaada unazimika. Anajaribu kugeuka na chombo kinageuka kweli, lakini kinaendelea kuteleza kule kule kilikokuwa kinakwenda, na mzunguko wenyewe haukomi mpaka aukomeshe kwa kusukuma kinyume. Akisukuma kupita kiasi, unaanza upande wa pili. Wanaoanza huishia kubingirika ovyo mpaka wanapoteza juu na chini.

Wakivumilia, wanapata kitu ambacho modi ya msaada haiwezi kuwapa. Rubani anayefukuzwa anaweza kugeuka akamtazama adui ana kwa ana huku chombo chake kikiendelea kukimbia. Anaweza kupita kwenye mlango wa kituo akiwa ubavu, akanyoosha omo dakika ya mwisho. Gemu hilo bado limeweka kikomo cha kasi, kwa hiyo halijawa anga kamili, lakini limefungua mlango. Mwaka 1993 gemu la ukoo huo huo, Frontier: Elite II, lilikuwa limekwenda mbali zaidi kwa kufuata sheria za Newton bila huruma, na wachezaji wengi waliokuja kutoka Elite ya mwaka 1984 walilalamika kwamba vita vimekuwa vigumu. Malalamiko yao yalikuwa na haki yake. Ila kilichowasumbua kilikuwa ukweli wa anga.

Magemu ya namna hii yalianza kwa ukweli huo. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, Steve Russell na wenzake waliandika Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1. Vyombo viwili vilipigana kuzunguka nyota inayovuta, na havikuwa na breki. Kilichosukumwa kilikwenda. Hapakuwa na modi ya pili, na waliocheza walijifunza au walianguka ndani ya nyota.

Mwaka huo huo wa 1962, mafundi wenye vipokea sauti masikioni walikuwa Tunguu, Unguja, wakisubiri sauti ya mtu kutoka juu. Marekani ilikuwa imejenga hapo kituo kimoja katika mtandao wa vituo 18 vilivyoizunguka dunia, baadhi nchi kavu na vingine melini, kwa ajili ya Mercury, mpango wake wa kurusha watu angani. Zanzibar ilifuata baada ya Kano, Nigeria, na baada yake ilikuwa zamu ya meli iliyokuwa Bahari ya Hindi. Wapo Wazanzibari walioshuku kwamba kilikuwa kituo cha makombora, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Abeid Amani Karume iliwataka Wamarekani wakiondoe. Lakini kwa muda mfupi kilipofanya kazi, pwani ya Waswahili ilisikiliza kwa masikio yake baadhi ya masomo makubwa ya kwanza ya modi za urubani.

Jambo la kwanza la kukumbuka kuhusu chombo cha Mercury ni kwamba, kikishafika kwenye obiti, rubani wake hakuweza kubadili njia. Aliweza kugeuza omo tu: kuinua na kuinamisha, kupeleka kushoto na kulia, kubingirisha. Roketi pekee zilizoweza kubadili mwendo ni zile tatu za kurudia duniani, na hizo zilifyatuliwa mara moja. Omo ilikuwa sawa au haikuwa sawa wakati huo mmoja. Na ili kuigeuza omo, aliwekewa namna kadhaa. Mfumo wa kujiendesha wenyewe ulikuwapo. Ipo modi ambayo mkono wake ulituma amri za umeme kwa jeti zile zile za mfumo huo, na ipo nyingine ambayo mkono ulifungua vali moja kwa moja, kwa matangi na jeti za upande mwingine. Mafuta yalikuwa kidogo, na kila modi ilikuwa na ulaji wake.

Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn, akiwa ndani ya Friendship 7, alishika usukani kwa mkono juu ya Kano akakijaribu chombo, akapita Zanzibar, kisha akaona jua likizama juu ya Bahari ya Hindi. Alipomaliza mzunguko wa kwanza, karibu na Mexico, jeti moja ya kugeuzia kushoto na kulia ilianza kukataa. Mfumo wa kujiendesha ukawa unakiachia chombo kijikokote kando, kisha unakirudisha kwa kishindo, na kila kishindo kikila mafuta. Glenn aliuzima. Akajaribu modi moja baada ya nyingine, akitafuta ile inayokula kidogo, na akakiendesha kwa mkono sehemu kubwa ya safari iliyobaki. Kabla yake wapo waliodhani kwamba mtu ndani ya chombo ni abiria tu. Mafundi wa Tunguu waliposikia sauti yake kwa mara ya pili, walikuwa wanamsikiliza rubani kazini.

Somo lililofuata lilikuwa chungu. Tarehe 24 Mei 1962 Scott Carpenter aliruka na Aurora 7, akiwa na orodha ndefu ya majaribio na hamu kubwa ya kutazama. Aligeuza omo mara nyingi ili aone, na kuna wakati alihama kutoka modi moja ya mkono kwenda nyingine bila kuzima ile ya kwanza. Kila aliposogeza mkono, mifumo miwili ilijibu kwa pamoja na matangi mawili yakamwaga. Alikaribia wakati wa kurudi akiwa amebakiwa na mafuta kiduchu, mfumo wa kujiendesha ukimpa matatizo, na roketi zilipofyatuka omo ilikuwa imepinda kulia kwa takriban nyuzi 25. Zilichelewa kama sekunde 3, na nguvu yao ilipungua kidogo. Aliangukia baharini karibu kilomita 400 kupita mahali alipotarajiwa. Alipatikana mzima, na wapo wanaomlaumu hadi leo kuliko anavyostahili, maana vifaa vyake navyo vilikuwa na kasoro. Lakini kosa la kuacha modi mbili wazi kwa pamoja linajulikana na kila mchezaji wa magemu haya aliyewahi kushangaa kwa nini tangi limekauka.

Waliomfuata walijifunza. Walter Schirra, tarehe 3 Oktoba 1962, alizunguka dunia mara 6 na kwa sehemu nzuri ya safari alizima kila kitu. Alikiacha chombo kijigeukie kinavyotaka. Omo ilitazama chini, ikatazama kando, ikatazama nyuma, na njia haikubadilika hata kwa unywele, kwa sababu omo na njia angani hazidaiani. Alirudi na mafuta mengi na kutua takriban kilomita 7 kutoka meli iliyomngoja. Hakuna modi inayodai ujuzi mkubwa zaidi kuliko kutofanya lolote kwa makusudi. Mchezaji mchanga hawezi kuitumia, vidole vinamwasha. Anaona chombo kinayumba na anadhani kinapotea.

Naye Gordon Cooper, Mei 1963, alizunguka mara 22. Mwishoni umeme ulileta hitilafu, mfumo wa kujiendesha ukafa, na akabaki na dirisha, saa ya mkononi, na sauti ya Glenn kutoka meli iliyokuwa karibu na Japani ikimhesabia sekunde. Alipanga omo kwa macho, akafyatua roketi, akaangukia kilomita kama 7 kutoka kwenye meli. Huyo ndiye aliyemjibu Carpenter kwa niaba ya marubani wote.

Ni vigumu kusoma visa hivyo na usiifikirie bahari ya Mtwara. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hugonga bara la Afrika karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma, ukagawanyika: tawi moja linashuka Msumbiji, jingine linapanda pwani ya Tanzania kuelekea kaskazini. Wakati wa kusi tawi hili la kaskazini huenda hata zaidi ya kilomita 6 kwa saa, na upepo unalisukuma kutoka nyuma. Chombo kinachotoka Mikindani kwenda Msimbati wakati huo kina upepo usoni na mkondo usoni. Hakiwezi kuelekeza omo kusini na kutarajia kwenda kusini. Kinabisha, kinakwenda joshi upande mmoja kisha upande mwingine, au kinangoja upepo wa umande wa alfajiri unaotoka nchi kavu na kuchukua kile unachokipa. Kaskazi ikirudi, mambo yanageuka. Kwa nahodha wa huku, kuelekea na kwenda havijawahi kuwa kitu kimoja.

Naye ana modi zake, ingawa hazina herufi za kubonyeza. Kwenye kina anatumia tanga, na kulegeza au kukaza demani ndiyo amri yake kuu. Anapoingia kwenye mikoko ya Ruvuma, ambako upepo unakatwa na miti, tanga linashushwa na kafi linashika kazi. Maji yakipungua zaidi, pondo linagusa tope na chombo kinasukumwa kutoka chini. Kila mbadiliko una wakati wake, na wa kwanza ndio hatari: anayeshusha tanga mapema mno mdomoni mwa mto anabaki bila nguvu mahali ambapo maji ya mto, maji ya bahari na mawimbi ya fungu la mchanga vinakutana, na anayechelewa anapandishwa kwenye fungu akiwa na tanga limejaa. Nahodha mzuri wa Msimbati huonekana katika dakika hizo mbili au tatu, wala si katika safari yote iliyotangulia. Machi 1866, David Livingstone alifika kwenye mdomo huo akiwa na ngamia, nyati, nyumbu wa mizigo na punda, hakupata pa kuwateremshia, akarudi kaskazini kushukia Mikindani. Alikuwa ameujua mto huo tangu 1861 na 1862, na bado mlango wake ulimkatalia.

Tofauti moja kubwa ipo, na haifai kufichwa. Baharini maji yanakishika chombo. Ukiacha kupiga kafi, unapunguza mwendo. Angani huna msaada huo. Kwa sababu hiyo gemu ni kali kuliko bahari katika jambo moja, na bahari ni kali kuliko gemu katika mengine yote, kwa kuwa anayekosea mdomoni mwa Ruvuma haanzi upya.

Ukali wenyewe wa anga unaonekana vizuri zaidi pale vyombo viwili vinapotafutana. Tarehe 3 Juni 1965 mwanaanga James McDivitt, akiwa na chombo cha Gemini 4, alijaribu kukikaribia kipande cha roketi kilichombeba. Kilikuwa kinaonekana kwa macho. Alikielekezea omo, akasukuma, na kikazidi kwenda mbali. Akasukuma tena. Mafuta yakapungua, umbali ukaongezeka, jaribio likaachwa. Hakuwa rubani mbovu. Alifanya alichofanya kila rubani wa ndege maisha yake yote. Lakini kwenye obiti anayeongeza kasi hupanda juu, na aliye juu huzunguka polepole zaidi, kwa hiyo anayekimbilia cha mbele anajichelewesha. Anayetaka kukifikia hupunguza mwendo, hushuka kwenye njia ya chini iliyo fupi na ya haraka, hukikaribia kutoka chini, kisha hupanda kukutana nacho. Buzz Aldrin alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu mambo hayo huko MIT mwaka 1963, na Desemba 1965 Gemini 6A na Gemini 7 zilikutana kwa hesabu za namna hiyo.

Leo mtoto wa sekondari anaweza kulijua hilo kwa vidole. Kerbal Space Program, gemu lililotengenezwa na kampuni ya Squad ya Mexico, lilitolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 2011 na kukamilika Aprili 2015, na limewafundisha watu wengi obiti kuliko darasa lolote. Lina modi zake za kushikilia omo: kuishikilia ilipo, kuielekeza mwendo unakokwenda, kuielekeza kinyume cha mwendo, kuielekeza kwenye chombo kingine. Na limefanya jambo la busara: katika kazi ya kuanzia chini, rubani mchanga anapewa modi ya kwanza tu, nyingine anazipata kadiri anavyokusanya uzoefu. Mchezaji anajifunza kuitafuta alama ya mwendo kwa jicho na kuifuata kwa mkono kabla ya kupewa kitufe cha kumfanyia hivyo. Kitufe kikija, anajua kinafanya nini. Huo ndio mpangilio sahihi wa kufundisha ufundi wowote, na watu wengi wa programu huugeuza.

Orbiter, iliyoandikwa na Martin Schweiger wa London tangu mwaka 2000 na kutolewa bure, ni ngumu zaidi. Vibonyezo vile vile vya namba upande wa kulia wa kibodi hugeuza omo katika modi moja, na katika modi nyingine husogeza chombo chote bila kugeuza omo. Kibonyezo kimoja kinabadilisha. Anayesahau yuko wapi anataka kunyoosha omo na kumbe anakisukuma chombo ubavu kuelekea kituoni. Wanaojifunza Orbiter kwa dhati huwa na desturi: kabla ya kugusa kitu, macho yanasoma modi kwanza. Desturi hiyo ni ndogo, na ingemsaidia Carpenter.

Wapo waliougusa ukali huo kwa vyombo halisi, miaka mingi baada ya Carpenter. Tarehe 25 Juni 1997, Vasili Tsibliyev alikuwa ndani ya kituo cha Kirusi cha Mir akiendesha kutoka mbali chombo cha mizigo, Progress M-34, kwa picha ya televisheni na mikono yake. Ilikuwa jaribio la modi ya mkono. Rada ya kupimia ilikuwa imezimwa ili isiharibu picha, na kwenye kioo kituo kilikuwa kinachanganyika na mawingu ya dunia nyuma yake. Aliiona omo, hakuijua kasi. Progress ilikigonga kituo na kutoboa sehemu moja, na wanaanga watatu waliokuwa ndani waliifunga sehemu hiyo haraka wakaokoka. Aliyemkabidhi modi ya mkono bila kipimo cha mwendo ndiye aliyekosea zaidi.

Kwa kulinganisha, mchezo mmoja wa kuigiza ulio mdogo kuliko yote hapo juu ni shule nzuri ajabu. Mwaka 2020 kampuni ya SpaceX iliweka mtandaoni, bure, mfano wa kioo kile kile ambacho Douglas Hurley na Robert Behnken walikuwa nacho ndani ya Dragon walipofika Kituo cha Anga cha Kimataifa tarehe 31 Mei mwaka huo. Hakuna kupakua kitu. Kinafunguka kwenye kivinjari. Kushoto kuna vitufe vya kukisogeza chombo: mbele, nyuma, juu, chini, kushoto, kulia. Kulia kuna vitufe vya kugeuza omo. Katikati ya kila kundi kuna kitufe kinachobadili kati ya mguso mkubwa na mguso mdogo. Hayo tu.

Mchezaji anayeanza hubonyeza mbele mara nyingi. Namba ya kasi inapanda na kituo kinakua taratibu, naye anaridhika. Kisha anagundua kwamba yuko chini kidogo ya mlango, anabonyeza juu mara tatu. Anapanda. Anafika usawa wa mlango, na anaendelea kupanda, maana kila mguso ulikuwa mwendo na mwendo haukomi. Anabonyeza chini mara nne badala ya tatu, na sasa anashuka. Hapo hapo mzunguko mdogo ambao hakuuzima umeanza kumpindisha, kwa hiyo juu yake si juu ya kituo tena, na anapobonyeza juu anakwenda kando. Mara ya kwanza wengi hugonga.

Mchezaji aliyeiva ana mwendo mwingine kabisa. Anaanza na mguso mdogo. Anaondoa mzunguko kwanza, kona zote tatu, mpaka namba zinasoma sifuri. Halafu anasogea kwa mguso mmoja, anahesabu, anaurudisha kwa mguso mmoja. Anakwenda polepole mpaka mtazamaji anachoka, na mwishoni mikono iko mapajani, haigusi kitu, huku chombo kikijiendea. Ili kufungamana, namba zote za katikati, za omo na za mwendo, lazima ziwe chini ya 0.2. Hapo, kwa dakika chache, kuelekea na kwenda vimekubaliana, na vimekubaliana kwa sababu mtu amevilinganisha mwenyewe.

Pwani ya Waswahili imewahi kuona hata modi ya kujizungusha ikifanya kazi kubwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la Kiitaliano la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ikabeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei angani. Haikuelekezwa kwenye nyota moja baada ya nyingine. Iliachwa izunguke yenyewe polepole, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 12, na kwa kuzunguka hivyo ikapita anga yote kwa macho yake. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya miale hiyo. Schirra angeielewa mara moja.

Nahodha wa Msangamkuu na mchezaji wa Shangani, Mtwara mjini, aliyezima msaada wamefika mahali pamoja kwa njia tofauti, na wote wawili wanastahili heshima ya fundi. Umri mdogo wa mchezaji, wala kazi yake kufanyika mbele ya kioo, si sababu ya kumnyima heshima hiyo. Anayeweza kukifunganisha chombo kwa mguso mdogo, bila kompyuta kumsaidia, amejua kwa mikono yake kitu ambacho McDivitt alikuwa bado anakitafuta mwaka 1965.

Kwa hiyo walimu wa fizikia wa sekondari za Mtwara, Mikindani na Msimbati wafikirie jambo moja linalowezekana. Wakifika kwenye sheria ya kwanza ya Newton, wasianze na ubao. Wafungue mfano wa SpaceX kwenye kompyuta moja ya shule, wawape wanafunzi zamu, wawaache wagonge kituo kwanza, na baada ya hapo ndipo waiandike sheria. Mfano huo ni bure, na Orbiter ni bure pia.